Hindi la Kuchoma, Dawa ya Magugu na Mashaka ya Mnunuzi



Jioni moja hivi majuzi nilikuwa nimesimama mbele ya jiko la mkaa la mama mmoja anayechoma mahindi karibu na kituo cha daladala, nikisubiri hindi langu ligeuzwe upande wa pili. Mbele yangu alikuwapo kijana aliyevaa tai, na kabla hajatoa fedha akauliza: “Mama, haya ni ya dawa au ni ya asili?” Mama akapepea mkaa kwanza, kisha akamjibu: “Mwanangu, mimi nimenunua sokoni. Gunia halisemi.”

Tukacheka. Lakini mzee mmoja aliyekuwa ameketi juu ya ndoo iliyofudikizwa hakucheka. Akasema kwamba zamani hindi lilikuwa tamu lenyewe, halihitaji ndimu wala chumvi ya pilipili, na lilimjenga mtoto. Tangu walipoanza kunyunyiza dawa za kuua magugu na hizi mbolea za kupulizia majani, utamu umekwenda na lishe imekwenda, tunatafuna makapi. Wote waliokuwapo wakaitikia. Kijana wa tai akarudisha fedha mfukoni, akaondoka. Mama akamsindikiza kwa macho. Ile ilikuwa fedha ya hindi moja, lakini kwake yeye hindi moja ni hindi moja.

Mimi nilinyamaza, kwa sababu sikuwa na jibu. Nimekaa na jambo lile wiki kadhaa, nimesoma nilivyoweza, na leo nataka tulizungumze. Naona kwamba pale jikoni tulichanganya mambo matatu: utamu, lishe na usalama. Kila moja lina historia yake, na hayakutoka njia moja.

Tuanze na utamu, maana ndio uliomtoa mzee machozi.

Kuna mahindi yanayoitwa mahindi matamu, yale ya kwenye makopo, na siku hizi utayakuta kwenye supamaketi zetu yakiwa yamefungwa kwa nailoni. Wengi wetu hudhani ni mahindi ya kawaida yaliyopewa mbolea ya pekee. La hasha. Ni mahindi yenye kasoro ya kuzaliwa. Katika hindi la kawaida majani hutengeneza sukari, sukari husafiri hadi kwenye punje, na huko hugeuzwa kuwa wanga. Katika hindi tamu ile kazi ya kugeuza imekwama njiani, kwa hiyo sukari hubaki sukari. Punje yake ikikauka hukunjamana kama uso wa kikongwe, kwa kuwa haina wanga wa kuijaza. Wenyeji wa Marekani walikuwa wakiyapanda mahindi hayo kabla Wazungu hawajayajua.

Jambo la kuchekesha ni kwamba Wamarekani nao waliwahi kuamini kwamba hindi tamu la mtu mstaarabu ni jeupe, na la njano ni chakula cha kuku na ng’ombe. Mwaka 1902 kampuni ya mbegu ya Burpee ilipotoa hindi tamu la njano lililoitwa Golden Bantam ilibidi kwanza watu washawishiwe walionje. Waliolionja hawakurudi nyuma. Nawaomba mkumbuke jambo hilo la rangi, tutalirudia.

Utamu mkubwa zaidi ulikuja kwa bahati. Katika miaka ya 1950 profesa mmoja wa Chuo Kikuu cha Illinois, John Laughnan, alikuwa akichunguza namna ya mahindi yenye punje zilizonywea, wala hakuwa na habari ya kutafuta chakula. Akatia punje mdomoni, akakuta ni tamu kupita kiasi. Mwaka 1953 akaandika habari zake. Wafanyabiashara wa mbegu hawakuonyesha hamu mwanzoni, lakini leo uzao wa kasoro ile umeshika sehemu kubwa ya soko la mahindi matamu mabichi huko kwao.

Kwa hiyo utamu ni suala la mbegu kwanza. Baada ya mbegu ni suala la saa. Hindi likishakatwa halilali, linaendelea kugeuza sukari yake kuwa wanga. Hindi tamu la aina ya zamani likiachwa kwenye joto kama la Dar es Salaam, nyuzi 30, laweza kupoteza zaidi ya nusu ya sukari yake kwa siku moja. Likiwekwa kwenye barafu hupoteza kidogo mno. Na haya yetu ya kawaida, ambayo sukari yake ni ya muda tu, ya pale punje ikiwa na maziwa, hali ni hiyo hiyo. Yule mzee alipokuwa mtoto hindi lilivunjwa shambani likatiwa motoni kabla mvuke wa shamba haujaliacha. Hindi analokula leo limevunjwa Kilosa au Handeni, limelala garini usiku mmoja na sokoni usiku wa pili, na pengine lilivunjwa likiwa limeshakomaa ili lisibondeke njiani. Utamu wake ulimwagika barabarani. Hapo dawa ya magugu haina kosa.

Sasa tuje kwenye dawa yenyewe.

Dawa za magugu za kisasa ni watoto wa vita. Wakati wa Vita Kuu ya Pili wataalamu wa Uingereza na wa Marekani, kila upande kwa siri, walikuwa wakichunguza vitu vinavyochochea ukuaji wa mimea. Wakagundua kwamba kichocheo kikizidi mmea hukua ovyo, hujipinda na kufa. Hivyo ndivyo ilivyopatikana dawa iitwayo 2,4-D, iliyoanza kuuzwa Marekani mwaka 1945. Uzuri wake kwa mkulima wa mahindi ni kwamba inaua mimea ya majani mapana na kuyaacha mahindi, maana hindi ni ndugu wa nyasi.

Kisha wakaja Waswisi. Kampuni ya Geigy ya mjini Basel ilitoa simazini katikati ya miaka ya 1950, na mwaka 1958 ikafuata atrazini. Hizi hufanya kazi kwa njia nyingine, huziba ile kazi ya jani ya kutumia mwanga wa jua kujitengenezea chakula. Gugu linakufa njaa mchana kweupe. Hindi huponea kwa sababu lina vimeng’enya vinavyoikamata dawa na kuivunja kabla haijaleta madhara. Hakuna aliyelifundisha hivyo, limezaliwa nacho. Ndiyo sababu atrazini na mahindi vilifunga ndoa iliyodumu Marekani hadi leo.

Mimi si mpenzi wa dawa hizi, lakini siwezi kuzisema kama mtu ambaye hakushika jembe. Nimelelewa na shangazi yangu mkoani Morogoro. Mahindi yakifika magotini ilikuwa ni palizi, na palizi haina Jumapili. Wiki chache za mwanzo ndizo za kufa na kupona: magugu yakiachwa wakati ule, mtu aweza kupoteza nusu ya mavuno au zaidi, hata akija kuyang’oa yote baadaye. Shangazi alipalilia akiwa na mtoto mgongoni. Sisi tulipalilia siku za shule, na mwalimu alijua wala hakuuliza. Anayesema turudi kwenye ya asili aseme pia ni nani atakayeinama.

Turudi kwenye lishe. Swali la mzee lilikuwa: je, dawa hizi huondoa kitu ndani ya punje? Nilipoanza kusoma nilitegemea kukuta ndiyo au hapana. Nilichokikuta kilinishangaza.

Mwaka 1967 mtaalamu mmoja wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Michigan, Stanley Ries, pamoja na wenzake, walitangaza kwamba mimea iliyopewa simazini kidogo sana, kiasi kisichoweza kuua gugu, ilinyonya naitrojeni zaidi na kuwa na protini zaidi. Yaani sumu ilikuwa inaongeza chakula! Mwaka uliofuata wakaeleza majaribio yao ya mashambani, huko Michigan na Costa Rica. Fikiria wakati wenyewe ulivyokuwa. Mashirika ya kimataifa yalikuwa yakipiga mbiu kwamba watoto wa nchi maskini wanakosa protini, na hapa kuna watu wanaosema tone la dawa ya magugu laweza kuwa msaada. Laiti ingekuwa hivyo. Lakini jambo lile lilitaka kipimo chembamba mno, matokeo yakawa hayaaminiki shamba hadi shamba, na halikupata kuwa kilimo cha watu. Limebaki kwenye majarida.

Hata kama lingefanikiwa, kwa mahindi kulikuwa na shimo lingine. Ukilipa hindi naitrojeni zaidi, iwe ya samadi au ya mfuko, protini ya punje huongezeka kweli. Ila sehemu kubwa ya nyongeza hiyo huwa ya namna iitwayo zeini, ambayo imepungukiwa na laisini na triptofani, vitu viwili ambavyo mwili wa mtoto hauwezi kujitengenezea. Ni kama kuongezewa matofali wakati unachokosa ni saruji. Dawa ya hilo ilitoka tena kwenye mbegu: mwaka 1964 Edwin Mertz na Oliver Nelson wa Chuo Kikuu cha Purdue, pamoja na mwenzao Lynn Bates, walieleza kwamba hindi lenye kasoro iitwayo opaki-2 lina laisini nyingi kuliko kawaida. Punje zake zilikuwa laini, wadudu wakizipenda kuliko watu, hata ikachukua miaka mingi ya kazi nchini Mexico kuzifanya ngumu. Surinder Vasal na Evangelina Villegas walipewa Tuzo ya Chakula ya Dunia mwaka 2000 kwa kazi hiyo. Sisi hapa Tanzania tulipata mbegu za jamii hiyo mwanzoni mwa miaka ya 2000, zikaitwa Lishe. Ni wangapi kati yetu tumewahi kuuliza dukani unga wa Lishe? Kuhusu dawa tunauliza, kuhusu mbegu hatuulizi.

Kuna kisa cha pili, nacho kinahusu hindi tamu lenyewe.

Mnaujua ule mti unaopandwa kwenye bustani za Arusha na Nairobi, wenye maua mekundu yaliyosimama kama brashi ya kusafishia chupa. Asili yake ni Australia. Mwaka 1977 mtaalamu wa kampuni moja ya kemikali huko California aliona kwamba chini ya mti ule magugu hayaoti sana. Wakachunguza udongo, wakakuta mti unatoa kitu kinachozifanya nyasi ziwe nyeupe na kufa. Kutoka hapo, baada ya miaka mingi ya kupikapika maabara, ikatoka dawa iitwayo mesotrioni, iliyoingia mashambani Marekani mwaka 2001. Inavyoua ni hivi: inaukatia mmea njia ya kutengeneza karotini, zile rangi za njano ambazo kazi yake mojawapo ni kulikinga jani lisiunguzwe na jua. Gugu likikosa kinga hiyo hugeuka jeupe kama karatasi.

Sasa sikilizeni. Rangi hizo hizo za njano, luteini na zeazanthini, ndizo zinazolipa hindi tamu la njano sehemu kubwa ya sifa yake ya lishe, na wataalamu wa macho wanazithamini kwa kuwa hukusanyika nyuma ya jicho la binadamu. Mtu yeyote angetegemea kwamba dawa inayokata njia ya karotini itazipunguza kwenye punje. Mwaka 2009 watafiti wa Chuo Kikuu cha Tennessee walichapisha matokeo yao baada ya kunyunyiza mesotrioni na atrazini kwenye mahindi matamu. Rangi zile katika punje zilikuwa zimeongezeka. Ongezeko lenyewe ni la kiasi, si la kufanya mtu atupe karoti zake, lakini lilikwenda kinyume na hofu.

Sisemi hivyo ili mtu akapulizie dawa kama kitoweo. Mahindi matamu yenyewe hayalingani katika kuzivumilia dawa. Ipo mbegu moja maarufu ya viwanda vya makopo, Merit, ambayo inakosa kinga waliyo nayo wenzake kwa sababu ya hitilafu ya urithi, na dawa fulani ambazo mahindi mengine huzipuuza humlaza chini huyu. Mkulima asiyejua mbegu yake hupoteza shamba. Ninachosema ni kwamba yule aliyetuambia dawa ya magugu inafyonza lishe ndani ya hindi hakuyapata hayo mahali popote ninapopajua. Kinyume chake, gugu ndilo mfyonzaji hasa: hunywa maji na kula naitrojeni ambayo ingekwenda kwenye punje.

Na mbolea ya majani? Hii ni ya kale kuliko wengi wanavyofikiri. Katika miaka ya 1840 Mfaransa mmoja, Eusèbe Gris, alipaka maji ya chumvi ya chuma kwenye majani yaliyogeuka manjano, yakarudia ukijani wake. Miaka 100 na zaidi baadaye, wataalamu H. B. Tukey na S. H. Wittwer wa Michigan, wakitumia chembe zenye mionzi zilizokuwa zimeanza kupatikana baada ya vita, waliweza kuufuata mwendo wa chakula tangu kilipogusa jani hadi kilipofika kwenye mizizi. Wakathibitisha kwamba jani lina kinywa. Kinywa chenyewe ni kidogo, na hapo ndipo wauza chupa wanapotudanganya. Shamba la mahindi linalozaa tani 5 kwa hekta huchukua naitrojeni kiasi cha kilo 100. Huwezi kupitisha kilo 100 kwenye majani bila kuyaunguza. Chupa ya nusu lita yenye picha ya hindi nono haiwezi kushika nafasi ya samadi wala ya mfuko wa mbolea, hata muuzaji akiapa.

Inachoweza ni vitu vidogo vidogo, vile vinavyotakiwa kwa gramu: zinki, chuma, boroni. Ardhi zetu nyingi zimechoka zinki, na upungufu wa zinki kwa watoto ni jambo la kweli, unadumaza. Majaribio yaliyofanywa katika nchi mbalimbali yameonyesha kwamba ngano ikipuliziwa zinki wakati punje zinajaa, zinki ya punje hupanda sana. Hindi ni bahili zaidi, hupanda kidogo. Lakini hupanda, halishuki. Hapo pia mzee wetu na mimi tunapishana.

Kwa hiyo, ndugu msikilizaji, kama si dawa na si chupa, lishe ya hindi letu ilikwenda wapi? Maana katika hilo mzee hakukosea. Imekwenda, na njia ilizopitia zinaonekana wazi.

Ya kwanza ni rangi. Mahindi yaliyoletwa pwani yetu tangu enzi za Wareno yalikuwa ya rangi nyingi, mekundu, ya njano, yenye madoa. Wakati wa ukoloni, walowezi wa Kenya walianza kulima mahindi meupe yaliyotoka Afrika Kusini ili kuyauza nje, kwa sababu viwanda vya wanga vya Uingereza vilitaka weupe na kulipia weupe. Soko la nje likawa ndilo mwalimu wa soko la ndani. Watafiti wa Kitale walipotoa mbegu chotara ya H611 mwaka 1964, nayo ilikuwa nyeupe, na mbegu za baadaye zilizovuka mpaka kuja kwetu zilikuwa nyeupe. Hindi jeupe halina karotini ya kusemea. Unaweza kulinyunyizia mesotrioni ya Tennessee hadi bomba likauke, hakuna njano ya kuongeza.

Njano ilipoturudia ilirudi na aibu. Miaka ya njaa, unga wa msaada ulikuja wa njano, tukauita yanga, na hata mashabiki wakubwa wa timu yenye jina hilo hawakuupenda. Ulikuwa na harufu ya ghala na ya meli, na ulikuwa na harufu ya kuomba. Sisi tuliulaumu kwa rangi yake. Zambia ilipotoa mahindi ya rangi ya chungwa mwaka 2012, yaliyozalishwa makusudi kwa ajili ya vitamini A, iliwabidi kueleza kwanza kwamba haya si yale ya njaa.

Ya pili ni kinu, na hapa nitakaa kidogo. Mwanzoni mwa karne ya 20, kusini mwa Marekani, watu maskini walioishi kwa unga wa mahindi walianza kuugua ugonjwa wa ajabu: ngozi inachubuka, tumbo linaharisha, akili inachanganyikiwa, kisha kifo. Uliitwa pelagra. Ulishika kasi wakati uleule ambapo mashine mpya za kutoa kiini cha punje zilipoenea, ili unga ukae muda mrefu bila kuchacha na uweze kusafiri kwa treni. Mwaka 1914 serikali ilimtuma daktari Joseph Goldberger. Watu walisema ni vijidudu, yeye akasema ni chakula. Hawakumwamini, hata ikabidi yeye, mkewe na wenzake wajitie miilini damu na uchafu wa wagonjwa kuonyesha kwamba hauambukizi. Alifariki mwaka 1929 bila kukijua kitu chenyewe. Mwaka 1937 ilijulikana kuwa ni niasini, moja ya vitamini za kundi B. Wanaokadiria husema wamarekani kiasi cha 100,000 walikufa kabla haujakomeshwa. Wenyeji wa Mexico waliokula mahindi maelfu ya miaka hawakuugua, kwa sababu waliyachemsha kwanza kwa chokaa, na chokaa huifungua niasini iliyofungwa ndani ya punje. Hindi lilivuka bahari, lakini mapishi yake yaliachwa nyuma.

Sisi nasi tuna sembe yetu. Punje ikikobolewa, kiini na ganda hutoka, na pamoja navyo hutoka sehemu kubwa ya mafuta, vitamini za kundi B, chuma na zinki. Ile zinki ambayo mkulima ameilipia kwa chupa na kuipulizia majanini hukaa kwa wingi kwenye kiini. Tunaipeleka kinuni, tunaiondoa, tunaiita pumba, tunaiuza kwa mfuga kuku. Kuku wa jirani yangu ana afya njema kabisa. Mwaka 2011 serikali yetu iliweka kanuni za kuwataka wenye viwanda warudishe virutubishi kwenye unga, na Kenya ikafuata mwaka 2012. Ni jambo jema, ila mashine ndogo za mitaani, ambazo ndizo zinazotulisha wengi, ni vigumu kuzifikia.

Limebaki la usalama, na hapa kijana wa tai alikuwa na haki ya kuuliza. Atrazini hunyunyizwa mapema, hindi likiwa bado halijaota au likiwa dogo, na mmea huivunja muda mrefu kabla gunzi halijatokea. Hatari yake kubwa iko kwenye maji. Ujerumani iliipiga marufuku mwaka 1991 kwa sababu ilikutwa kwenye maji ya ardhini, na mwaka 2003 Jumuiya ya Ulaya nzima iliamua kuiondoa. Hata Uswisi ilikozaliwa haitumiki. Mwaka 2002 Tyrone Hayes wa Berkeley alieleza kwamba kiasi kidogo sana cha dawa hiyo majini kilivuruga jinsia ya vyura, na ugomvi uliofuata kati yake na watengenezaji ulikuwa mkali. Mwaka 2012 watengenezaji hao walikubali kulipa dola milioni 105 kwa mamlaka za maji za Marekani. Kwa hiyo ukiniuliza nani ana haki ya kuiogopa zaidi, nitakutajia kwanza kijana anayebeba bomba mgongoni bila glavu wala buti, akipuliza dhidi ya upepo, kisha akaenda kuosha bomba mtoni wanakochota maji. Mla hindi mjini yuko nyuma sana katika foleni hiyo.

Na kama ni kifo kilichofichwa ndani ya hindi, kile kilichokwisha kutuua kinajulikana. Mwaka 2004, katika wilaya za mashariki mwa Kenya, Makueni na Kitui zikiwa mbele, watu 317 waliugua na 125 wakafa kwa kula mahindi yaliyoota ukungu wenye sumu ya aflatoksini. Sumu ile haikutoka kwenye duka la pembejeo. Ilitoka kwenye mahindi yaliyohifadhiwa yakiwa na unyevu, majumbani mwao wenyewe. Unaweza kuyaita mahindi ya asili.

Jana nilirudi kwa yule mama. Mzee alikuwapo juu ya ndoo yake, tukasalimiana, nikamshikia shikamoo yake. Nikamweleza kwa kifupi haya niliyowaeleza ninyi. Alinisikiliza hadi mwisho, kisha akaniuliza kama kwangu tunakula dona au sembe. Nikasema sembe. Akanitazama kwa muda.

“Basi kula hindi,” akasema, “hilo bado lina kiini chake.”

Mama akanichagulia moja, akalipaka ndimu. Nilimuuliza limevunjwa lini. Akasema juzi, limetoka Kilosa.